Soksi za Mdogo Wangu

Nyie wajukuu mtakaosoma haya kwenye simu zenu, kaeni vizuri na muache kuchekacheka. Mimi sikusoma sana. Niliishia pale mtoto anapojua kuandika jina lake na kusoma katekisimu bila kufuata mstari kwa kidole. Lakini namba nazisoma, na namba zimenifundisha adabu. Na wale wa rika langu ambao macho bado yanaona, nao wasome. Wao ndio watakaojua ninachosema, kwa sababu wao ndio wanaovaa soksi.

Juzi nilikwenda zahanati na mdogo wangu Deo. Yeye anakaa Magamba, mimi niko huku Mwamkulu, na walikuwa wametangaza kanisani kwamba wazee waje wapimwe. Nesi ni binti mdogo, ana kucha fupi na sauti ya upole, lakini mkono wake hauna mzaha. Akaanza na Deo. Akamfunga ule mkanda wa presha, ukajaa upepo, ukapumua. Akasema, "Mia na ishirini na nne kwa sabini na nane. Babu, una presha ya kijana!" Akamtoboa kidole, sukari nzuri. Akamzungushia utepe kiunoni, kiuno kizuri. Kila alichopimwa kilikuwa kizuri. Deo akageuka akanitazama kama jogoo aliyemaliza kuwika.

Wivu ukanishika hapa, chini ya titi la kushoto. Ni mahali pale pale uliponishika utotoni, haujahama nyumba.

Ikafika zamu yangu. Nesi akasema, "Bibi, vua viatu na soksi, upande mizani."

Nikamwambia, "Viatu sawa. Soksi siwezi, naona baridi."

Ilikuwa mchana, jua la kabla ya mvua, bati la zahanati linalia kwa joto. Nesi akaniangalia. Deo naye akaniangalia miguuni, halafu akafungua mdomo akasema jambo moja, wazee wote kwenye benchi wakageuka. Alichosema nitakiandika, lakini hamtakielewa mpaka niwaeleze kwanza habari ya soksi nyingine, za zamani.

Kwetu ni Mpimbwe, kule bondeni kwenye mpunga. Mimi nilikuwa mtoto anayeng'oka meno ya mbele. Deo alikuwa ameachishwa ziwa si muda mrefu, na tumbo la mama lilikuwa limeanza kusukuma kanga. Mimi ndiye niliyembeba Deo mgongoni tangu alipokaza shingo, kwa hiyo nilimjua kwa uzito wake kabla sijamjua kwa sura. Alipokuwa mzima alikuwa mzito kama kibuyu cha maji kinachocheza, anarukaruka, ananivuta masikio. Halafu akabadilika. Akaacha kukimbia, kisha akaacha hata kutembea. Akawa mtu wa kukaa kwenye kigoda mlangoni, amenuna, inzi akitua mdomoni hamfukuzi.

Na katika kukaa huko akanenepa. Mashavu yalijaa mpaka macho yakawa vijistari. Nywele zikalainika, zikageuka rangi ya ndevu za hindi. Watu wakipita wanasema, "Mama Skola, huyu mtoto ananawiri!" Mama anajibu, "Tunamshukuru Mungu," halafu anamvuta Deo upande wa kivulini.

Mimi Skola mwenyewe nilikuwa mwembamba kama fito. Kazi yangu ilikuwa kuteka maji, kuchambua mboga, na tangu jua linapochomoza kufukuza ndege mpungani kwa kombeo mpaka sauti inakauka. Nikirudi namkuta bwana mkubwa amekaa kwenye kigoda, mashavu kama mandazi. Nikasema moyoni, hapa kuna kitu huyu anapewa. Haiwezekani tule chungu kimoja, mmoja awe fito mwingine awe gunia.

Basi nikafanya upelelezi. Siku moja nikaondoka kama naenda mpungani, nikazunguka nikajibanza nyuma ya kihenge cha mpunga. Nikamwona mama anatoka na kibakuli. Nikajiambia: leo nimewakamata! Mama akapiga magoti mbele ya Deo. Kwenye kibakuli ulikuwa uji wa muhogo, ule ule niliokunywa mimi asubuhi, tena mwepesi zaidi. Deo akageuza uso. Mama akambembeleza, "Kunywa baba, kidogo tu, baba yangu." Deo akageuza uso tena. Mama akaweka kibakuli chini akalia bila sauti, mabega yanatikisika.

Mtu mzima angeelewa. Mimi nilichoelewa ni hiki: Deo akikataa uji, analiliwa, mimi nikikataa uji, nachapwa.

Halafu zikaja soksi.

Zilikuwa za sufu, rangi ya kijivu, zenye mstari mwekundu juu. Mama alizipata kwa mwanamke aliyekuwa anafua nguo misheni, akampa kuku mzima, tetea anayetaga. Kijiji kizima hakuna mtoto aliyekuwa na soksi. Soksi tuliziona kwa padre na kwa mwalimu. Mama akamvalisha Deo asubuhi moja kabla watu hawajaamka, na tangu siku hiyo hazikutoka miguuni mwake, jua la utosi, vumbi, joto la kuchoma mayai. Nilikuwa nainama kuzinusa. Zilinukia sabuni ya misheni. Mpaka leo nikipita mahali wanapofua sufu kwa sabuni ya kipande, roho inanipanda.

Nikamuuliza mama, "Na mimi je?"

Akasema, "Wewe una miguu ya kufanyia kazi."

Nilitafuna maneno hayo siku nyingi. Kumbe kuna miguu ya kazi na miguu ya mapenzi! Mchana mmoja Deo amelala, nikaanza kumvua taratibu nijaribu hata moja. Mama aliruka kutoka jikoni, akanichapa kofi ambalo hajawahi kunichapa, kabla wala baada. "Usiguse hizo soksi! Umesikia? Mtu yeyote asiguse!" Nikaona midomo yake inatetemeka. Nikadhani ni hasira.

Ilikuwa hofu, na lazima niwaambie ni hofu ya nini. Kwetu mtoto akidhoofika baada ya kuacha ziwa, akavimba, nywele zikapauka, watu walisema amebemendwa. Maana yake baba na mama hawakungoja amalize kunyonya, wakarudiana kitandani, mama akapata mimba, na kosa lao likamwingia mtoto mwilini. Hapo hakuna wa kuuliza mtoto anakula nini. Watu wanahesabu miezi ya tumbo la mama, wananyooshea kidole. Baba anachekwa kilabuni. Mama anaweza kufungiwa mzigo arudi kwao. Na bibi yetu, mama yake baba, aliishi nasi mji ule ule, ana ulimi mkali kuliko jembe jipya. Kwa hiyo mama alikuwa na mtoto anayevimba miguu na tumbo linalomshitaki. Mashavu watu waliyasifu. Miguu ndiyo ingesema. Akaifunga mdomo kwa soksi.

Sasa, kulikuwa na siku ya mizani. Gari la misheni lilikuwa linakuja na sista mmoja, mfupi, mweusi, mwepesi wa kucheka. Mizani ilitundikwa kwenye boriti ya baraza la kanisa dogo la kigango, ina uso wa mviringo kama saa na mshale. Mtoto anavalishwa suruali ya turubai, ananing'inizwa pale analia, mshale unashuka. Na wanawake walifanya ni mashindano. Mshale ukishuka sana, vigelegele. Ukishuka kidogo, watu wanakohoa na kuangalia pembeni. Mtoto mzito ilikuwa sifa ya mama, sawasawa na kihenge kilichojaa.

Mama alikuwa anakwepa siku hizo. Mara ana kichwa, mara mpunga unaliwa na ndege. Lakini safari ile bibi mwenyewe alisimama mlangoni amevaa kanga mpya. "Leo twende wote. Nataka wakaone mjukuu wangu anavyovunja mizani. Mama Skola, unangoja nini?" Mama hakuwa na pa kukimbilia.

Nilifuata nyuma nimenuna. Nilijua yatakayotokea. Na yalitokea. Deo alipotundikwa, mshale ulishuka, vigelegele vikalipuka baraza zima. Bibi akacheza, akazungusha kiuno mbele ya wakwe wenzake. "Mnaona? Mnaona? Huo ni mchele wa mwanangu huo!" Sista naye ana foleni ndefu, jasho linamtoka. Akaitikia kwa kichwa, "Vizuri sana, mama." Mama alikuwa tayari amenyoosha mikono amtoe mtoto aondoke naye.

Hapo wivu ukanifungua mdomo. Nikapiga kelele, "Soksi nazo zinaongeza uzito! Wenzake wote wako peku! Huyu anaiba!"

Watu wakaangua kicheko. "He, huyu mtoto!" Bibi akasema, "Nyamaza, kinyago wewe, unamwonea mdogo wako wivu?" Nikasema, "Ndiyo! Avue!"

Sista alicheka mpaka akajifuta machozi. "Huyu atakuwa hakimu. Haya, amesema haki. Tumvue, tupime upya."

Mama akasema, "Sista, ana mafua."

"Mafua ya miguu?" Sista ameshashika soksi, anavuta. Haitoki. Akavuta tena, ikatoka kama ganda la mti mbichi, na pale ule mstari mwekundu ulipokuwa umebana palibaki mfereji umezunguka mguu. Kicheko kikafutika usoni mwa sista. Akaweka dole gumba juu ya mguu wa Deo, akabonyeza, akangoja, akainua. Shimo likabaki. Lilibaki vile vile kama umebonyeza ugali wa moto. Akafanya mguu wa pili. Kisha akapandisha kishati, akauzungushia mkono wa juu wa Deo vidole vyake viwili, navyo vikakutana. Mtoto mwenye mashavu yale, mkono ni kijiti.

"Tangu lini?" akamuuliza mama kwa sauti ya chini.

Bibi ndiye aliyejibu. Aliona shimo lile, na sijui nani hakuliona. "Amebemendwa," akasema. "Mama Skola, umeniulia mjukuu."

Wanawake wakarudi nyuma hatua moja, kama watu waliomwagiwa maji machafu miguuni. Nilimwona mama anashika nguzo ya baraza.

Sista akasimama, na sauti yake safari hii haikuwa ya chini. "Bibi, hajaua mtu, wala hajafa mtu. Mkimwacha atakufa, tena mnampigia vigelegele. Huyu si mnene, huyu amejaa maji. Anakula nini?"

"Anakula chakula," bibi akasema.

"Chakula gani?"

"Ugali. Uji."

"Samaki?"

"Samaki ni wa mwenye nyumba."

"Mayai?"

"Mtoto ale mayai? Awe mwizi?"

Sista akavuta pumzi. "Basi ndiyo hayo. Hajalogwa, hajabemendwa. Ameachishwa ziwa akapewa muhogo mtupu. Tunaondoka naye sasa hivi, na mama yake."

Wakapakiwa kwenye gari. Na mimi nilisimama kwenye vumbi la gari lile nimekunja ngumi. Mimi ndiye niliyemkamata mwizi, halafu mwizi kapandishwa gari! Mimi sikuwa nimewahi kupanda gari. Nililia njia nzima, na watu wakasema maskini anamlilia mdogo wake.

Zilipita siku, baba akanibeba kwenye baiskeli tukaenda hospitali ya misheni. Kitandani nikamkuta mtoto simjui. Mashavu hakuna. Mbavu unazihesabu. Miguu kama ya mbuzi aliyezaliwa asubuhi. Nikasikia sista anamwambia mama kwa furaha, "Uzito umeshuka tena. Vizuri sana."

Nikashangaa. Nikamvuta gauni. "Sista, siku ile mshale ulishuka sana ukasema vizuri. Leo amekuwa mwepesi unasema vizuri. Vizuri ni ipi?"

Hakunicheka. Alichuchumaa mbele yangu. "Kwenu mnalima mpunga?"

"Ndiyo."

"Gunia la mpunga likinyeshewa, linakuwaje?"

"Linakuwa zito."

"Mpunga umeongezeka?"

Nikafikiri. "Hapana. Ni maji."

"Na ukilianika?"

"Linakuwa jepesi. Lakini ndiyo mpunga wenyewe."

"Basi mdogo wako tunamwanika," akasema. "Maji yakiisha, ndipo tutajua Deo ana kilo ngapi. Halafu tutamjaza mpunga wa kweli. Namba moja peke yake usiiamini, mwanangu. Iulize: wewe ni mpunga au maji?"

Nilielewa gunia. Deo nilikuwa bado sijamwelewa. Kwenye dirisha, juu ya kitanda, zilikuwa zimeanikwa zile soksi, zimefuliwa, mstari mwekundu unaangalia jua. Nikazikodolea macho. Mama akaniona. Alikuwa amekonda, lakini uso wake ulikuwa umefunguka kama nyumba iliyoondolewa pazia. Akazitungua. "Haya, njoo. Umezililia sana."

Akanivalisha mwenyewe. Nikasimama kwenye sakafu ya saruji nimetoa kifua. Nikapiga hatua, soksi zikashuka. Nikazipandisha, zikashuka tena, zikajikunja vifundoni kama ngozi ya nyoka. Zilikuwa zinanipwaya. Mimi mkubwa, ninayembeba mtoto mgongoni, mguu wangu ulikuwa unacheza ndani ya soksi zilizokuwa zimembana yeye mpaka zikamchimba mfereji. Nikamwangalia Deo kitandani, nikaangalia soksi, nikaangalia Deo. Hapo ndipo nilipojua ukubwa wa kile kilichokuwa kimejaa ndani ya mdogo wangu. Nikazivua nikazirudisha dirishani. Ziliwasha, na sikuzitaka tena.

Msidhani wivu uliisha. Deo alirudi nyumbani na amri ya sista kwamba ale yai, na bibi, ambaye hakusema neno la kuomba radhi mpaka anazikwa, ndiye aliyekuwa analivunja mwenyewe kwenye uji wa Deo kila asubuhi, tena kwa ukali, kana kwamba yai ndilo lililokosea. Mimi nilikuwa nalamba mwiko. Na mama, mpaka alipofariki, alimwangalia Deo kama mtu anavyoangalia sufuria ya maziwa motoni, asije akageuza shingo yakamwagika. Mimi hakuniangalia hivyo. Mimi nilikuwa na miguu ya kazi. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli, na umri wangu hauruhusu tena kuremba.

Sasa turudi zahanati. Nimegoma kuvua soksi. Deo, mzee mzima na mvi zake, mwenye presha ya kijana, akafungua mdomo mbele ya benchi zima, akasema:

"Dada Skola, soksi nazo zinaongeza uzito. Wenzako wote tuko peku. Nesi, avue!"

Hadithi hii anaijua tangu utoto, mama alimsimulia mpaka ikamkaa. Wazee wakacheka. Mimi sikucheka. Nikamwangalia machoni, naye hakuwa anacheka.

Nesi akapiga magoti, akavuta. Haikutoka kwa urahisi. Pale juu kulikuwa na mfereji. Akaweka dole gumba, akabonyeza, akainua, na shimo likabaki likinitazama. Na mimi siku zote hizo nilikuwa nimefurahi kwamba nanenepa! Mke wa mwanangu ananiambia, "Mama, siku hizi umejaa," namjibu, "Tunamshukuru Mungu," na kuvuta soksi juu. Nilijua viatu vinabana. Nilijua usiku nalala kwa mito miwili. Lakini wakiona miguu watanipokonya jembe, watanikalisha kigodani kama kuku anayeatamia, na Deo atabaki anaendesha baiskeli yake kutoka Magamba.

Presha yangu ilikuwa mia na sabini na mbili kwa tisini na nane. Nesi akaniuliza habari ya dawa za presha nilizopewa zamani. Nikamwambia nilijisikia mzima nikaacha. Akasema, "Presha haibishi hodi, bibi." Nikamwomba anieleze namba zote mbili, maana sitaki kubeba kitu nisichokijua. Akasema ya juu ni nguvu ya damu moyo unaposukuma, ya chini ni nguvu inayobaki moyo unapopumzika kabla ya kusukuma tena. Nikaelewa: ni mchi. Mchi ukishuka ndiyo ya juu, mchi ukiinuka ndiyo ya chini. Na wangu ulikuwa unatwanga kwa nguvu karibu kinu kipasuke, wala haupumziki vizuri. Kilo zangu alizoandika akaziwekea alama, kwa sababu si zote ni zangu. Kanipa dawa, na karatasi ya kwenda hospitali kubwa wakaangalie moyo na figo. Deo ndiye atakayenipeleka. Kasema ameshapanga, hakuniuliza.

Jioni nilipofika nyumbani niliwaita wote uani, mwanangu, mkewe na watoto wao, nikakaa kwenye kigoda, nikanyoosha miguu mbele yao. Nikawaambia: "Kuanzia leo, katika mji huu, mtu akivaa soksi kwenye jua, msimsifu kwamba ananawiri. Mvueni, mbonyezeni. Hata akipiga kelele, hata akiwatukana. Nuru, mjukuu wangu, njoo wewe mwenye kidole kigumu. Anza na mimi."